Barua kwa Zuhura: Sauti ya Mwale haiko kooni

Zuhura rafiki yangu,

Salaam nyingi. Muswada wako umefika, kurasa 24 za komiki unayotaka kuigeuza filamu ya katuni, pamoja na zile faili za sauti, na nimezisikiliza zote, hata ile ambayo jokofu linanguruma nyuma yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umeuliza kwa nini hadithi inayosomeka vizuri kwenye karatasi inachosha ikitamkwa, na kwa nini Mwale, shujaa wako unayemwigiza mwenyewe, anasikika kama mtu anayetisha watoto. Kwangu ni swali moja, ila nianze na kurasa, maana kukata karatasi ni rahisi kuliko kurekebisha koo.

Chukua filamu tatu za katuni zilizotoka moja kwa moja kwenye komiki. Batman: Year One ya 2011 ilitokana na matoleo 4 ya Frank Miller na David Mazzucchelli ya mwaka 1987, na ina dakika 64. Hizo ni dakika 16 kwa kila toleo, ndiyo maana imeweza kukifuata kitabu hatua kwa hatua. All-Star Superman ya mwaka huohuo ilibeba matoleo 12 ndani ya dakika kama 76. Gawanya: dakika 6 na kidogo kwa toleo. Dwayne McDuffie, aliyeandika muswada, hakujaribu kubana yote. Aliondoa visa vizima, kikiwemo cha Bizarro, ile nakala mbovu ya Superman, akashika mshipa mmoja tu, Superman anayejua kwamba anakufa. Halafu kuna Batman: The Killing Joke ya 2016, yenye shida ya kinyume. Kitabu cha 1988 hakifiki kurasa 50, na filamu ilitakiwa ivuke saa moja, basi wakabandika mbele yake kisa kipya cha Batgirl cha karibu nusu saa. Ni kiraka, na kinaonekana ni kiraka, japo Kevin Conroy, sauti ya Batman, na Mark Hamill, sauti ya Joker, wote wamo humo.

Kwa kipimo cha Year One, kurasa zako 24, ambazo ni kama toleo moja, ni dakika 16. Wewe umepanga dakika 10, ukaamua kuwaambia waigizaji waseme upesi. Usibane, toa. Kisa cha ndugu yake Kombora, yule jambazi wako, ukurasa wa 14 hadi wa 17, kikiondoka chote hakuna atakayeuliza kimekwenda wapi.

Sasa tazama ukurasa wa 9. Mwale yuko hewani kati ya mapaa mawili, na kiputo chake kinasema: “Nilikupa nafasi tatu, Kombora, na zote tatu umezitupa! Leo mji huu utajua kwamba nyuma ya chuma hicho kuna mwoga anayetetemeka!” Maneno 20. Kwenye karatasi hakuna tatizo, kwa sababu picha ya komiki haina saa. Msomaji ndiye anayemshikilia shujaa hewani mpaka amalize kusoma. Kwenye faili yako maneno hayo yamechukua sekunde 8. Mruko wa paa hadi paa ni kama sekunde moja na nusu, yaani fremu (picha moja moja za filamu) 36 kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Akisema yote, ama ataelea kama puto, ama hotuba itamalizika akiwa ameshatua na kuanza kupigana. Gawa hivi. Akiwa bado amesimama ukingoni: “Nafasi tatu, Kombora.” Anaruka kimya, tunasikia upepo na pumzi ya kutua. Kisha, karibu kabisa na sikio la Kombora: “Zimekwisha.” Maneno manne yametosha. Huo uoga na kutetemeka mwachie mchoraji.

Visanduku vya maelezo, vile vinavyobeba mawazo ya mhusika, vinataka uamuzi mmoja kwa filamu nzima, siyo hapa viwepo na pale visiwepo. Year One ilivibakiza: Bryan Cranston anasoma mawazo ya Gordon, yule polisi, kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini akiwa hana usingizi, na Ben McKenzie anasoma ya Bruce Wayne, yaani Batman asipovaa barakoa. The Dark Knight Returns, iliyotoka sehemu mbili mwaka 2012 na 2013, ilivitupa. Kitabu chake cha 1986 kimejaa mawazo ya Batman mzee, lakini Peter Weller kwenye filamu hasemi ila yale yanayoweza kusikiwa na aliye mbele yake. Kilichopotea si kidogo, hasa yale maumivu ya viungo vya mzee anayerudi ulingoni. Kilichopatikana ni mapigano yanayoachwa yapumue. Wewe una visanduku 41. Bakiza vile tu vinavyopingana na picha. “Niliogopa” juu ya uso wenye hofu ni kusema jambo mara mbili. “Niliogopa” juu ya uso unaocheka, hapo sauti imeleta kitu ambacho mchoro hauna. Kwa hesabu yangu vinabaki 6. Visomwe karibu na maiki, sentimita 8 hadi 10, taratibu kuliko mazungumzo, bila kuelekezwa kwa mtu yeyote.

Haya, tuje kwa Mwale mwenyewe.

Hii hila ya mtu mmoja mwenye sauti mbili ni ya zamani. Bud Collyer alimwigiza Superman redioni kuanzia 1940, na studio ya Fleischer ilipoanza kutoa katuni fupi za Superman kwa ajili ya sinema mwaka 1941, sauti ikawa yake vilevile. Alikuwa anaanza sentensi kwa sauti nyembamba ya Clark Kent, yaani Superman akiwa mtu wa kawaida, “hii inaonekana ni kazi ya...”, na kabla sentensi haijaisha sauti imeshuka na kutanuka; jina la Superman linatamkwa na mtu mwingine. Redioni hakuna joho wala kibanda cha kubadilishia nguo, kwa hiyo koo ndiyo ikavua na kuvaa.

Tangu hapo waigizaji wengi wamebaki na fundisho moja tu: ishushe. Ndilo ulilolifuata, na ndipo ulipokwama. Conroy naye, alipoanza Batman: The Animated Series mwaka 1992, alitumia sauti mbili, lakini aliigeuza hesabu. Kwake Batman ndiye mtu halisi na Bruce Wayne ndiye igizo, sura anayowavalia watu wa karamu. Sikiliza Mask of the Phantasm ya 1993 ukiwa umefumba macho. Batman wake haungurumi. Anasema polepole, karibu kunong'ona, kama mtu asiye na haja ya kumshawishi yeyote. Bruce ndiye mwenye madoido, tabasamu linasikika ndani ya irabu. Filamu hiyohiyo ina hila nyingine ya sauti, na samahani kwa kukufichulia siri ya filamu ya miaka zaidi ya 30: Stacy Keach ameigiza sauti ya yule muuaji mwenye barakoa na pia ya baba yake Andrea, mpenzi wa zamani wa Bruce. Sikio linaunganisha hao wawili, linamshuku baba, kumbe aliye ndani ya barakoa ni Andrea mwenyewe, ambaye sauti yake ni Dana Delany. Mtazamaji amedanganywa na uteuzi wa waigizaji tu, bila hata picha moja kusema uongo.

Kwako, Neema mwalimu, yaani Mwale asipovaa barakoa, anaongea kwa sauti yako ya kawaida na Mwale ameshushwa chini kabisa na kuongezewa mkwaruzo. Kuna mambo matatu yanayoharibika. La kwanza ni la mwili: mkwaruzo unatoka kwa kukaza koo, na koo lililokazwa halichelewi kuchoka. Ndiyo maana mstari wa 3 na wa 40 havionekani kuwa vya mtu mmoja. La pili ni la vifaa: wengi watakutazama kwenye simu, na spika ya simu haina uwezo na sauti nene, kilicho chini ya hezi 200 hivi kinapotea, unabaki mkwaruzo peke yake bila uzito. La tatu ndilo kubwa. Sauti iliyoanzia chini kabisa haina pa kwenda. Ukurasa wa 21, Mwale anapompata mwanafunzi wake chini ya kifusi, alitakiwa ashuke, na hakuna pa kushukia. Akipanda anageuka kuwa Neema. Umetumia akiba yote kwenye “habari za usiku”.

Kwa hiyo acha kimo cha sauti kilekile kwa wote wawili, badilisha vingine. Neema anasema na darasa. Sauti yake inatumwa mpaka ukuta wa nyuma, anarudia, anamalizia kwa kupandisha, anaweka “sawa?” na “tumeelewana?” kila mahali. Mwale anasema na mtu mmoja aliye hatua moja mbele yake, hasemi jambo mara mbili, mwisho wa sentensi unafungwa kama mlango. Jaribu na neno moja. Neema: “Usiogope, sawa? Usiogope.” Mwale: “Usiogope.” Hilo la Mwale lisemwe kwa pumzi kidogo, bila tabasamu na bila kitisho. Kisha ficha michoro, weka simu chumba cha pili, mwite mtu asiyejua hadithi, umuulize ni wangapi wanaoongea. Akisema wawili, umefika. Akisema mmoja ana mafua, rudi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mmerekodi kila mtu siku yake, kisha ukaunganisha. Andrea Romano, aliyeongoza sauti za ule mfululizo wa Batman na filamu nyingi zilizofuata za DC, wachapishaji wa komiki za Batman na Superman, alipenda kuwaweka waigizaji chumba kimoja na kuwarekodi pamoja, kama mchezo wa redio. Sababu inasikika kwako ukurasa wa 11. Kombora anapiga kelele, wewe unamjibu kama mtu aliyeulizwa saa. Ulikuwa humsikii. Kama hamwezi kukutana, basi anayetangulia arekodi, na wa pili asikie ile faili kwenye hedifoni huku akijibu. Kila mstari upewe namba kwenye muswada, na kila mstari usemwe mara tatu mfululizo bila kusimama, tofauti kila mara. Wa kwanza huwa sahihi na mkavu, wa pili umejaribu sana, wa tatu ndio mara nyingi unatumika.

Kuhusu chumba: zima jokofu (weka ufunguo wa nyumba ndani yake ili usisahau kuliwasha), tundika mablanketi mazito nyuma yako na pembeni, siyo mbele ya maiki peke yake, kwa sababu mwangwi unaoingia kwenye maiki unatoka ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Umbali sentimita 15 hadi 20, maiki ielekezwe pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za p na b zipite kando. Mpangilio wa kurekodi uwe kilohezi 48, biti 24, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli −12. Kabla hamjaanza kusema, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kuziba mapengo kati ya mistari.

Mayowe yote yawekwe mwisho wa kipindi. Ukianza nayo, saa mbili zilizobaki utakuwa unarekodi koo lililochubuka. Kwa mayowe rudi nyuma hatua nzima na ushushe kipimo cha maiki, vinginevyo sauti inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki. Na sauti za mapigano nazo zina aina zake. Kwenye faili zako kuna “hah!” moja iliyonakiliwa mara kumi na nne, nimezihesabu. Anayepiga anatoa pumzi kutoka tumboni, fupi, akiwa ameidhamiria. Anayepigwa hakuidhamiria: pumzi inatolewa na kipigo, kisha kuna kimya kidogo, halafu anavuta hewa. Sikio linakamata tofauti hiyo hata bila picha. Andika orodha na mwigizaji aifuate mstari kwa mstari: kupiga mara sita, kupigwa tumboni mara tatu, kupigwa usoni mara tatu, kuanguka karibu, kuanguka mbali, kutua kwa miguu, kutua kwa mgongo, kukabwa, kupanda ukuta, kuinua kitu kizito. Kila moja mara tatu. Dakika ishirini kazi imekwisha, na filamu nzima itabadilika.

Tafadhali usichore mdomo hata mmoja kabla sauti hazijakamilika. Marekani kawaida ni sauti kwanza, midomo ikachorwa kuifuata, na mistari michache ikarudiwa mwishoni kwa marekebisho. Japani kwa kawaida ni kinyume, michoro kwanza na waigizaji wakitazama kioo. Njia zote mbili zinafanya kazi, lakini kwa watu watatu kama nyinyi, kurekodi upya mstari ni dakika moja na kuchora upya midomo ni usiku mzima.

Utachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, michoro 12 kwa sekunde, na hilo si aibu. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 imeligeuza kuwa lugha: Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, akiwa bado hajamudu nguvu zake anachorwa kwa 12, huku Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu anayeruka naye msituni, akichorwa kwa 24, na jicho linaona kijana anababaika kabla hujaambiwa. Kwa midomo yako, maumbo tisa yanatosha: irabu tano, mdomo uliofungwa wa m, b na p, meno juu ya mdomo kwa f na v, ulimi kwa th na dh, na mdomo uliopumzika. Lililofungwa ndilo lisilosamehewa. Mtazamaji anavumilia e iliyochorwa kama i, lakini akisikia “Kombora” na midomo haikukutana kwenye mb, anaacha kuamini. Ulifunge kwa fremu mbili angalau, na lianze fremu moja kabla ya sauti, siyo baada.

Barakoa ya Mwale inafunika mdomo, bahati yako. Mistari yake unaweza kuibadilisha hata wiki ya mwisho. Lakini ile ya kuongea huku umefunga kitambaa mdomoni, iache. Rekodi safi, halafu punguza sauti nyembamba wakati wa kuchanganya. Ukirekodi ikiwa imefifia, ukurasa wa 23 anapovua barakoa katikati ya sentensi hutakuwa na sauti ya kumvua nayo.

Na lile zoezi ulilouliza, kuweka Kiswahili juu ya filamu ya Kiingereza, lifanye. Ni mazoezi mazuri ya masikio. Utakutana mara moja na tabia ya maneno yetu, ambayo karibu yote yanaishia kwenye irabu, wakati ya Kiingereza mengi yanaishia kwenye konsonanti, mengine mdomo ukiwa umefungwa. Mtu anapiga kelele “Stop!” usoni kabisa mwa kamera: o, kisha midomo inafungwa na kubaki hivyo. “Simama!” ina silabi tatu na inamwacha na a inayolia ndani ya mdomo uliofungwa. “Koma!” ina o mahali pake, m inafunga midomo palepale p ilipofungia, na a unaitamka fupi, karibu uimeze. Ni kali zaidi kimaana, lakini shujaa anayesema na jambazi hana haja ya adabu. Mwingine ananing'inia ukingoni, “Help me!” “Nisaidie” haina hata herufi moja ya kufunga midomo. “Nipe mkono!” inazo mbili, na inasema hasa anachotaka. Picha ikiwa ya mbali, usijitese, sema linalonoga. Nguvu zako zitunze kwa nyuso za karibu na kwa silabi ya mwisho.

Nitumie kwanza ukurasa wa 9 na wa 21 tu, vilivyorekodiwa pamoja na Kombora chumba kimoja, pamoja na zile sekunde 30 za kimya. Mwambie na yeye ajaribu kutocheka kila anapomaliza sentensi. Jambazi wa namna hiyo tunaye tayari, anaitwa Joker, na hata yeye kicheko chake kwa Hamill hubadilika kila mara kulingana na anachokitaka. Kombora wako ana huzuni, nimeiona ukurasa wa 6 anapofuta vumbi kwenye kofia ya baba yake. Aanzie hapo.

Wasalimie nyumbani.

Wasalaam,
Bakari